Farasi Kumi wa Uongo

Msichana mmoja wa miaka kumi na miwili aliitwa Karani na baba yake, fundi wa injini, kwa sababu yeye ndiye aliyemwandikia namba za vipimo. Kila siku akitoka shule alikula peke yake, akaosha sahani yake moja, kisha akaenda gereji nyuma ya nyumba. Tangu mama aende kufanya kazi mbali, nyumba ilikuwa imepoa. Baba hakuwa mkali, ila kazi ikimharibikia alinyamaza siku tatu nzima, na ukimya ule ulimuuma Karani kuliko fimbo.

Siku moja walipima nguvu za gari la mwalimu wa udereva. Baba alikuwa ameihangaikia injini yake wiki mbili. Kabla ya matengenezo ilitoa nguvu za farasi mia moja na ishirini. Sasa gari lilipandishwa tena juu ya rola za mashine ya kupimia, yale mapipa ya chuma yanayozungushwa na magurudumu. Baba akakanyaga mafuta, Karani akatazama kioo cha mashine.

Mia moja na kumi na nane. Imepungua! Karani akaziona siku tatu za ukimya zikija. Akaandika 128.

"Ngapi, Karani?" baba aliuliza akishuka.

"Mia na ishirini na nane."

"Ehee! Si nilisema?" Baba akaanza kupiga mluzi, mara ya kwanza tangu mama aondoke. Karani alijaribu kucheka naye, akashindwa. Alijiona mpweke kuliko jana.

Baba alipochukua simu amwite mwenye gari, machozi yakamtoka Karani. "Baba, usimpigie! Nimedanganya. Ni mia na kumi na nane."

Mluzi ukakatika. Baba alilizunguka gari, akainama kwenye magurudumu mapya yenye rimu kubwa za kung'aa. Mwenye gari aliyaleta juzi yafungwe, kwa ajili ya urembo tu.

"Lo! Mzembe ni mimi," alisema. "Haya ni mazito, na injini inamaliza nguvu kuyazungusha. Nani hupimwa uzito mara ya pili akiwa amebeba gunia?"

Wakafunga yale ya zamani, mepesi, wakapima upya. Karani alisoma: "Mia na ishirini na saba!"

"Umeona? Ningeiamini namba yako, nisingeyaangalia magurudumu. Gereji nyingine wana mashine inayofungwa kwenye ekseli, chuma kinachozungusha magurudumu, magurudumu yenyewe yakiwa yametolewa. Hiyo nayo ingetoa namba yake tofauti, na isingekuwa imedanganya. Kwa hiyo andika namba, mashine na magurudumu. Namba ikikutisha, iulize, usiibadilishe. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu."

"Niliogopa utanyamaza tena."

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. "Kumbe ndivyo ninavyokufanya," alisema. "Basi nikinyamaza, niambie. Na hilo usinifiche."

Karani akaandika vipimo vyote viwili vya siku hiyo, na magurudumu ya kila kimoja. Jioni kiti cha mama kilikuwa bado kitupu, lakini sahani za kuosha zilikuwa mbili, na baba aliongea mpaka chakula kikapoa.