Shibe ya Kwa Mama Zuwera

Nzi ndio waliotangulia kuhama.

Fundi Neindow aliligundua hilo mchana mmoja wa harmatani, ule msimu wa upepo mkavu wa jangwani, amekaa kwenye benchi lake la siku zote, bakuli la tuo mbele yake, ule ugali laini ukiwa umezama kwenye mchuzi wa mlenda. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipunga juu ya bakuli kwa mazoea tu, haukuwa ukifukuza kitu. Akatazama ndoo ya kunawia. Akatazama mifupa ya kanga iliyotupwa chini. Hakuna nzi hata mmoja. Hata yule paka wa jirani, aliyezoea kujisugua miguuni mwa walaji, hakuwapo.

Akaendelea kula. Nani atalalamikia usafi?

Mgahawa wenyewe ulikuwa kibanda cha bati karibu na kituo cha magari, mabenchi manne na jiko nyuma ya pazia. Mwenye nao, Mama Zuwera, alikuwa mjane ambaye watoto wake wote walihamia Kumasi wakasahau njia ya kurudi. Mwaka uliotangulia wateja wake walikuwa watatu, wanne, naye mwenyewe alikula peke yake akiutazama ukuta. Neindow, naye aliyefiwa na mkewe, alikuwa na neno alilotaka kumwambia. Miaka miwili alilimeza pamoja na mlenda.

Sasa watu walisimama mlangoni kungoja nafasi, na sababu ilikuwa Sanatu.

Sanatu aliingia mjini pamoja na upepo mkavu, akasema anatafuta kazi ya kuosha vyombo. Siku ya tatu alikuwa ndiye anayegawa chakula. Mcheshi, mwepesi, anakuita jina lako kabla hujamtajia. Alikuuliza habari za goti lako, za ng'ombe wako, za binti yako aliyeolewa mbali. Na bei ilibaki ile ile ya chini, ila bakuli lilijaa hadi ukingoni. Ukimaliza alikuja akakusimamia, mikono kiunoni, kichwa amekilaza upande mmoja.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

Hapo Sanatu alitabasamu, akameza mate, akachukua bakuli.

Mwezi wa pili tangu Sanatu afike, Neindow alianza kuona jambo kwenye kazi yake. Watu hawakuleta tena vitambaa vya kushona nguo mpya. Walileta suruali za zamani, wanataka zipunguzwe kiuno. Alipunguza ya dereva mmoja, akapunguza ya mwalimu, na baada ya wiki mbili wote wawili wakarudi, zinawapwaya tena. Mzee Napari, fundi baiskeli wa jirani, ambaye Neindow alikijua kiuno chake kama anavyolijua jina lake, alikuja ameishikilia suruali kwa mkono.

"Mzee wangu, unaumwa?"

"Niumwe nini? Nakula kwa Zuwera kila siku. Mabakuli mawili."

"Na unashiba?"

Napari aliipandisha suruali. "Nikiwa pale, nashiba. Nikifika hapa kwangu, sijui. Uzee huo."

Neindow akajifunga tepu kiunoni mwake mwenyewe. Alisoma namba, akaigeuza tepu, akaisoma tena.

Jioni ya siku ile, jua likiwa bado juu ya mapaa, alikumbuka kofia aliyoisahau mgahawani. Alikuta mabenchi matupu. Zuwera alikuwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, na mwanga uliopita kwenye matundu ya bati ulimwonyesha Neindow kile ambacho msongamano wa mchana ulikuwa ukimficha: mifupa ya mabega imechongoka, pete inazunguka kidoleni. Mabakuli yote yalikuwa yameoshwa, yameanikwa nje. Na nyuma ya pazia kulikuwa na mlio wa kulamba. Ulimi mpana, taratibu, bila haraka.

"Nani huyo ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sanatu. Anakula."

"Anakula nini, na mabakuli yako nje?"

Zuwera hakumtazama. "Chukua kofia yako, fundi."

"Zuwera."

"Ananiita dada," alisema. "Asubuhi ananiuliza nimelalaje. Wewe uliwahi kuniuliza?"

Mlio ukakoma. Neindow akachukua kofia, akaondoka bila kugeuka.

Siku nne baadaye Napari alikutwa amekufa kwenye kiti chake, miguu imenyooshwa kama mtu aliyemaliza mlo. Waliomwosha walitoka wakiwa hawana raha. Mmoja wao alimnong'oneza Neindow kwamba walimwinua watu wawili na mmoja angetosha. Mzee alikuwa mwepesi kama kibuyu kikavu.

Baada ya maziko, Wumbei alikuja kupimwa. Wumbei alikuwa mchinjaji, kiziwi na bubu tangu kuzaliwa, na mlaji mkubwa kwa Mama Zuwera kuliko wote. Neindow alimzungushia tepu, ikagoma kufika pale ilipofika mwaka jana. Mtu huyu alikuwa amenenepa. Alikaa benchi lile lile, alikula kutoka chungu kile kile. Kitu gani kiliwatofautisha? Neindow alisimama na tepu mkononi hadi Wumbei akamgusa bega, akauliza kwa vidole kuna nini. Ndipo ikamjia. Sanatu alipomsimamia Wumbei, hakujibiwa neno, maana Wumbei hakuwa na neno la kumpa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Afa Sualisu, maalimu wa msikiti mdogo, akamweleza yote. Afa alimsikiliza macho chini.

"Jini wa aina hiyo hali chakula," alisema. "Anakula shibe. Na shibe ya mtu haiibwi, mpaka mwenyewe aitamke na kuitoa."

"Tufanye nini?"

"Lamba chumvi, taja jina la Mungu, kisha kaa ule. Akikuuliza, mwambie bado. Ni mwandazi yule, hana ruhusa ya kumwacha mgeni na njaa. Mnyime neno mpaka aishiwe. Lakini, fundi, sikiliza. Asipatikane hata mmoja wa kumjibu kwamba ameshiba."

Ijumaa, baada ya sala, mgahawa ulijaa. Neindow alikaa karibu na Wumbei, ulimi ukiwaka chumvi. Alikula bakuli lake, akalisukuma mbele.

"Fundi wangu," alisema Sanatu, kichwa upande. "Umeshiba?"

"Bado."

Sanatu akacheka, akaenda, akarudi na bakuli jingine. Neindow akalila nusu.

"Umeshiba sasa?"

"Bado."

Mara ya tatu hakucheka. Mwalimu, aliyekuwa benchi la mbele, aligeuka na kumtazama Neindow, kisha akalitazama bakuli lake mwenyewe kama mtu aliyeamshwa. "Kusema kweli," alisema polepole, "na mimi bado." Dereva naye akasema bado. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema yeye hajawahi kushiba tangu harmatani ianze, alikuwa akiona aibu tu kusema.

Sanatu alikwenda na kurudi, akaenda na kurudi, upawa ukikwaruza chungu, na kila aliporudi kitambaa chake kilikuwa kimelegea zaidi na shingo yake imerefuka zaidi, na harufu ya kiungo cha dawadawa iliyokuwa imejaa pale ikamezwa na harufu ya jivu lililolowa, na swali likawa halitoki tena kinywani mwake bali chini ya mabenchi, na kwenye bati la paa, na ndani ya ndoo ya kunawia, umeshiba, umeshiba, mara kwa sauti ya mwanamke, mara kwa sauti ya mzee Napari waliyemzika wiki ile ile, yenye kikohozi chake kile kile, na watu wakashikana mikono wakisema bado, bado, huku mtoto mgongoni akilia, mpaka upawa ukaanguka na kile kilichokuwa kimeushika hakikuwa tena na vidole.

Hapo pazia likafunguka. Zuwera alitoka jikoni akijishika ukutani.

"Mwacheni," alisema. "Dada, niulize mimi. Mimi nime..."

Neindow aliruka benchi, akamziba mdomo. Zuwera alimng'ata kiganja mpaka damu ikatoka, naye hakuachia. Kitu kikapita katikati yao kama pumzi ya tanuri, pazia likanyooka kuelekea mlangoni, likarudi likatulia. Sanatu hakuwapo. Kwenye sakafu kulibaki kitambaa chake, kimekaa kwa mduara kama kilivyomdondoka.

Mji ulipona. Katika mwezi mmoja watu walianza kunenepa, na Neindow aliachia viuno vyote alivyokuwa amevipunguza. Zuwera peke yake hakupona upesi. Alilala ndani, mgahawa umefungwa, naye Neindow alimpelekea uji kila adhuhuri, kiganja kimefungwa kitambaa. Siku moja alijikaza akalitoa lile neno la miaka miwili.

Zuwera alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulinifunga mdomo," alisema.

"Ungekufa."

"Ningekufa nina mtu." Aliurudisha uji bila kuugusa. "Umechelewa, fundi."

Kesho yake mchana alikuta mlango wazi na kitanda kimetandikwa. Alikwenda mbio kituoni. Gari la kusini lilikuwa limeondoka zamani, na mwanamke muuza maji alimwambia ndiyo, Mama Zuwera amepanda, amevaa vizuri, bado amekonda, lakini alikuwa na furaha kama bibi harusi, anazungumza na kucheka njia nzima kutoka barabarani.

"Akizungumza na nani?"

"Sikuona mtu. Ila alilipia viti viwili. Utingo alipotaka kumkalisha abiria pale pembeni yake, alikataa. Alisema kiti kina mwenyewe."