Ukoko wa Kitindamimba

Msinicheke, haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Dada zake walimtuma akachukue sufuria ya marehemu mama yao. Nyumba ilikuwa imefungwa miezi mitatu. Nje mchana kweupe, ndani giza totoro. Akiwa anapapasa ukuta, akasikia jikoni kwaru, kwaru: mwiko unakwangua ukoko, kama mama alivyomkwangulia yeye, kitindamimba, tangu utotoni.

"Dada, ni wewe?"

Akaingia jikoni.

Akamulika kwa simu. Hapakuwa na mtu. Sufuria imefunikwa, kifuniko kimejaa vumbi. Akafunua. Ukoko ulikuwa wa moto, umekatwa vipande viwili. Mama alizoea kumwekea kimoja tu.

Na mimba ya wiki sita aliyoibeba, alikuwa hajamwambia mtu.