Aliyeitikia Mwano wa Mbuke

— Mhindi hali chakula kwangu, Mama Noela. Na usinipangie wageni.

— Mhindi gani, Baba Mbuke? Mama yake Msukuma wa Mhunze, mtoto kakuzwa kwa mlenda.

Mbuke alisimama kati ya baba yake, Mzee Masalu, na jirani yao, mwiko mkononi. Nje ya geti alikuwapo Enock, muuza vipuri, aliyekuja kumchumbia. Mzee Masalu alishaapa: watu wa rangi ile wanatudharau, basi.

Wiki tatu nyuma, msimamizi mmoja wa kigeni mgodini alimzaba kofi mchimbaji mbele za watu, akamwita nyani. Geita ikawaka. Vijana wakafunga barabara kwa matairi ya moto, na kusema kweli hasira yao ilikuwa ya haki. Ila kufika mchana mawe yakaanza kuchagua ngozi. Duka la Enock likavunjwa lote.

Siku hiyohiyo jiwe lilimpata Masalu kichwani, akazirai uani. Mbuke akapiga mwano, lile yowe ambalo Msukuma akilisikia hubwaga jembe akakimbilia.

— Mimi niliokolewa na Bujiku wa bodaboda — mzee akatamba. — Siyo huyo.

Mbuke akauma midomo. Ujumbe wa Enock bado ulikuwa kwenye simu: "Usimwambie baba. Nataka anipende mimi, asije kunilipa fadhila."

Lakini Mama Noela na siri hawajawahi kulala nyumba moja.

— Bujiku mlimkuta barabarani tu, akakupeleka hospitali. Aliyekubeba mgongoni ni huyo hapo getini. Sisi tulijifungia, mimi wa kwanza, nachungulia dirishani. Yeye anakimbizwa na mawe, akasikia mwano, akageuza.

Masalu akamtazama binti yake. Mbuke akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka.

Mzee akaenda getini mwenyewe.

— Walikuwa wanakusaka wewe. Ulifuata nini huku?

— Mwano ulipigwa, baba. Na asubuhi niliandamana nao. Aliyezabwa kofi ni binamu yangu, upande wa mama.

Majirani walishajazana nje ya geti. Masalu akafungua geti lote, pande mbili.

— Alichofanyiwa binamu yako, nami nimekufanyia. Nisamehe, mwanangu.

Vigelegele vya Mama Noela vikafika mtaa wa pili. Mbuke akacheka huku analia, mwiko ukamponyoka.

— Mbuke, mnawishe mumeo maji — mzee akasema, akimshika Enock mkono. — Ingia tule, ugali unapoa.