Pochi ya Papa Tharcisse

Kila jioni Fifi aliosha sahani, akafungua daftari la hesabu, na kabla hajaandika hata namba moja baba yake, Papa Tharcisse, akaita: mafuta. Basi Fifi alipiga magoti kumkanda mguu wa kulia, kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Miezi miwili sasa! Mguu uliwaka moto, unyayo ukafa ganzi, lakini kulipokucha Papa Tharcisse alipanda tena pikipiki yake ya teksi, akapakia abiria wawili na gunia, akarukaruka kwenye mashimo ya Bunia hadi jua kuzama.

Fifi alichoka. Kilichomchosha zaidi ni kwamba alikuwa ameona jambo. Mfuko wa nyuma wa suruali ya baba, upande uleule wa kulia, ulitunishwa na pochi nene yenye karatasi zote za pikipiki, hata zilizopitwa na wakati, maana kwenye bariera, vile vizuizi vya polisi barabarani, huwezi kujua watadai ipi. Baba aliikalia kutwa nzima, mwili umeinama upande. Mara tatu Fifi alimwambia aitoe, na mara tatu akaambiwa mtoto hamfundishi mzazi wake kukaa.

Kisha jirani akashauri mguu uchanjwe kwa wembe, damu mbaya itoke. Baba akakubali! Hapo Fifi alilia kwa hasira, akagoma kula, mpaka baba akaahidi kupita naye kwanza kituo cha afya.

Muuguzi, Mama Annette, alimlaza chali akamwinua mguu ukiwa umenyooka. Tharcisse akaguna. Muuguzi akaeleza kwamba mshipa mkubwa wa fahamu hutoka chini ya mgongo, hupita kwenye tako, hushuka hadi mguuni. Ukibanwa juu, huuma chini. Kisha akamwambia akae.

"Papa, uko unakalia nini?"

Fifi hakungoja. Aliichomoa pochi, akaibwaga mezani.

"Nilimwambia, Mama. Mara tatu."

Annette aliagiza pochi ihamie mfuko wa kifuani. Tharcisse anywe dawa ya maumivu siku chache, anyooshe mgongo kila asubuhi, ashuke kwenye pikipiki mara kwa mara atembee, na magunia ayaache. Asishinde kitandani pia. Mguu ukilegea au mkojo ukikataa kutoka, akimbilie hospitali. Wembe ungemletea kidonda tu.

Baada ya wiki sita maumivu yalikuwa yamepungua sana. Siku moja Fifi akamkuta baba akiwahubiria madereva wenzake habari za pochi, kana kwamba amegundua mwenyewe. Fifi akasonya. Baba akageuka, akaona haya.

"Sawa, huyu ndiye aliyeona," alisema. "Mimi nilihangaika na pale paliponiuma, sikuuliza maumivu yanatoka wapi. Mtoto aliniambia ukweli mara tatu, mimi nikaangalia umri wake."

Fifi akaenda kufungua daftari lake.