Inchi Nane Juu ya Bujiku

Kabla sijaanza, ulizeni Kahama nzima nani ananyanyua magari. Watawaambia Baba Loveness, pale Nyasubi, nyuma ya mashine za mpunga. Shule niliishia darasa la tano, lakini pikapu nikiinyanyua mimi, mbuzi anapita chini bila kuinama, na mwenye mbuzi anamfuata.

Kwa hiyo Donatus alipoleta ya kwake, jua linazama, sikushangaa. Pikapu kuukuu, inamzidi binti yangu kwa umri. Donatus alikuwa na maduara, mashimo ya dhahabu, upande wa Geita, na winchi yake ya kuvuta watu na mawe niliifunga mimi. Winchi safi. Haijawahi kukata kamba.

"Inyanyue," akasema. "Inchi nane."

"Nane? Unataka kukanyaga mawingu?"

Hakucheka. Akasogea, akashusha sauti.

"Kuna mahali inakwama. Pale pale kila siku. Juu ya lile duara tulilolifukia."

"Tope hilo."

"Tope gani mwezi wa nane?" Akatazama nyuma. "Fundi... kuna kitu kinaishika kwa chini."

Nilimcheka mpaka akapanda bodaboda akaondoka. Nikapiga jeki, nikapanga magogo, nikaingia chini na tochi.

Harufu ikanipokea. Si oili, si dizeli. Harufu ya udongo wa chini kabisa, wa baridi, ambao haujawahi kuona jua.

Kazi hii, kabla ya kufungua springi, unakwangua udongo kwanza. Nikakwangua. Rundo likawa kubwa. Nikamulika difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma...

Viganja.

Viganja vya mtu, vyekundu kwa udongo, vimekumbatia chuma kutokea chini. Cha kulia kilikuwa na vidole vitatu tu.

Halafu... ngo. Ngo. Ngo.

Kwenye chesisi. Mbele ya pua yangu. Na chini ya gari lile nilikuwa peke yangu.

Kila mchimbaji anaijua hiyo. Aliye shimoni akigonga bomba mara tatu, maana yake ni moja. Nivuteni.

Nilitoka kwa mgongo kama mjusi. Nikakuta miguu ya mwanamke.

"Mwadila, Baba Loveness."

Nikaitikia salamu. Alikuwa Paskazia wa Ushetu, mke wa Bujiku. Bujiku ambaye vidole vyake viwili vilibaki kwenye kinu cha kusagia mawe. Duara lilimporomokea mwezi wa tatu, na Donatus, kwa kuogopa wakaguzi wasimfungie eneo lote, akaleta greda likasawazisha juu. Akatangaza kwamba Bujiku aliacha kazi jana yake.

"Nimeona gari lake limeingia hapa," Paskazia akanong'ona. "Naomba huo udongo uliokwangua."

"Wa nini, mama?"

"Nimpeleke nyumbani. Kule machimboni kuna walinzi, wamenifukuza mara nne."

Nikaelewa. Kwao mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ndugu huchukua udongo wa pale alipofia, wakamwita jina, wakaubeba bila kusema neno njia nzima, wakauzika.

Nikamjazia kwenye khanga. Akapiga magoti.

"Bujiku. Twende."

Ngo.

Mara moja tu. Kama mtu anayeitikia.

Paskazia akafunga khanga, lakini donge moja akalibakiza. Akaniwekea mkononi. Lilikuwa la baridi kama chupa ya soda.

"Hili nifungie humo. Kati ya springi na hicho chuma unachoongeza."

"Si unataka aende nyumbani?"

"Ataenda. Kuna mtu anataka kuonana naye kwanza."

Jamani, mngekataa? Nikalifunga, boliti nikakaza mpaka spana ikalia. Alipofika getini akageuka.

"Baba Loveness. Siku ile winchi alikuwa anaiendesha nani?"

"Sijui. Mimi nilikuwa huku Kahama."

Akanitazama sana.

"Haya."

Kesho yake Donatus aliichukua pikapu, kifua mbele, kakaa juu kama mtu aliyepanda tembo. Kabla giza halijaingia wachimbaji wakaikuta imesimama juu ya lile duara. Injini inaunguruma. Milango imefungwa kwa ndani. Donatus hayumo.

Chini ya gari udongo ulikuwa tifutifu, kama umefunuliwa ukafunikwa tena. Walichimba mita tisa. Walipata saa yake ya mkononi.

Inatembea.

Paskazia aliizika khanga Ushetu, padri akasali. Nikajua yameisha. Ndugu wa Donatus wakaniletea pikapu niwatafutie mteja.

Mteja hapatikani. Maana inashuka.

Jumatatu ilikuwa inchi nane. Ijumaa saba. Tairi zina upepo, boliti zimekaza, sakafu yangu ni ya zege. Nikaongeza kipande cha chuma, ikashuka. Sasa vipande vimefika vinne. Na kila jua likizama... ngo. Ngo. Ngo.

Nawaambia ninyi kwa kuwa hamumjui Paskazia. Winchi siku ile nilikuwa naiendesha mimi. Bomba lilipogongwa nilisikia. Donatus akasema, "Zima, duara litatumeza wote." Nikazima. Likagongwa tena. Nikawasha redio.

Siku za gulio Paskazia hupita na kapu lake, akasimama getini. Hanitazami mimi. Anaitazama pikapu.

"Mwadila, Baba Loveness. Bado hujakumbuka?"

Nami, kwa mdomo wote huu, nawasha redio.

Leo jioni mbuzi wa jirani amepita chini yake.

Ameinama.