Msikilizaji wa Saa Saba

Haya mambo sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho haya mawili, na pale ambapo macho hayakufika, sikio langu la kulia lilifika, nalo halijawahi kunidanganya tangu nizaliwe. Kwamba shule niliikimbia mapema si hoja. Jini halimuulizi mtu cheti. Humu ndani mtamwona mleta vifurushi, mtanashati mmoja wa pikipiki nyekundu. Ndiye mimi. Lakini nitamwita "yeye", maana mtu akijisifu kwa "mimi" watu husema anaringa.

Basi. Palikuwa na mwanamke mshona sare za shule, mtaa mzima ukimwita Fundi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na pasi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake, Bi Mkubwa, ambaye macho yalimzimika miaka mitatu nyuma, akabaki na masikio na ulimi. Ulimi ulikuwa mzima kabisa. Kila siku saa saba mchana, jua likiwa utosini na wateja wamejificha, Fundi aliiacha cherehani, akavuta kigoda, akamsomea mama yake kitabu kwa sauti.

Vitabu alivinunua kwenye simu, kwa muuza vitabu wa mtandaoni asiye na duka wala sura, anayeuza vitabu vilivyokwisha kusomwa, kwa kilo, kama vitunguu. Unaagiza kilo tano za mchanganyiko, unaletewa chochote kilichokuwa juu ya lundo: ufugaji wa nyuki, hesabu, tafsiri ya ndoto, namna ya kuzibua mabomba.

"Leo tumepata nini?" Bi Mkubwa angeuliza.

"Ufugaji wa kuku, mama."

"Kuna mapenzi humo?"

"Ya jogoo tu."

"Soma hivyo hivyo."

Kwenye kilo tano za mwezi ule kilitokea kitabu kisicho na jalada la mbele wala ukurasa wa jina. Kilikuwa riwaya. Ndugu wawili wachimba visima, wamegombana miaka, na sasa mdogo yuko chini kabisa ya kisima na mkubwa ndiye aliyebaki juu na kamba. Bi Mkubwa alinogewa hadi akasahau kulalamikia uji. Siku ya nne ya kisomo, Fundi akiwa katikati ya sentensi, mama yake akamkatiza.

"Kitinda," alisema. Fundi alikuwa kitindamimba wake, na jina hilo hakulitumia mwingine yeyote. "Mwambie mgeni avute miguu. Ananibana."

"Mgeni gani, mama?"

"Huyu aliyekaa kitandani."

Fundi akatazama. Hapakuwa na mtu. Lakini godoro upande wa ukutani lilikuwa limebonyea, shimo la mtu mzima mwenye nyama zake, na chumbani mlinuka kama pasi ya moto imewekwa juu ya kitambaa kibichi. Akaenda kuigusa pasi. Baridi.

Akajiambia godoro limechoka. Mtu akianza kujitafutia sababu, jua ameshaogopa.

Siku zilizofuata akaanza kusikia. Kila alipofika mwisho wa ukurasa, kabla hajafunua, mtu alilamba kidole. Palipokuwa patamu, mtu alimeza mate. Bi Mkubwa mdomo wake ulikuwa umefumba.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili uliishia hivi: *Kaka yake akaishika kamba kwa mikono miwili, akachungulia gizani, na*

Basi. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimechanwa, zimebaki vipande kwenye uti wa kitabu kama meno yaliyovunjika.

"Endelea," akasema Bi Mkubwa.

"Zimechanwa, mama."

"Endelea."

Ilikuwa sauti ya mama yake, lakini chini yake palikuwa na sauti nyingine, kama watu wawili wanaobeba ndoo moja.

Kesho yake mama mdogo akapiga simu kumjulia hali dada yake. Fundi akaiweka simu sikioni mwa Bi Mkubwa. "Nani huyu?" Bi Mkubwa akauliza. "Mimi sina dada." Keshokutwa hakumjua kaka mkubwa wa Fundi, mtoto wake wa kwanza, aliyemnyonyesha miaka miwili. Siku ya tatu Fundi alimtaja marehemu baba, na Bi Mkubwa akasema kwa upole, "Mtu mwema huyo? Mimi sikuwahi kuolewa, binti."

Binti. Hakusema Kitinda. Fundi alishika fremu ya mlango.

Kuanzia hapo ndipo alipoingia vitani na muuza vitabu. Asubuhi hadi jioni kidole kilikuwa kwenye kioo cha simu, akishusha picha za migongo ya vitabu, mamia kwa mamia: sheria za ardhi juu ya mapishi ya keki, mapishi juu ya magonjwa ya ng'ombe, ng'ombe juu ya mashairi ya harusi. Utatafutaje kitabu usichojua jina lake? Akaandika, "Natafuta riwaya ya ndugu wawili wachimba visima." Akajibiwa papo hapo: *Ndugu mteja, ombi lako ni muhimu kwetu. Waliopenda kitabu hiki walipenda pia: Afya ya Meno.*

"Kitabu gani hiki walichokipenda," Fundi alifoka, "na mimi sijakitaja!"

*Asante kwa maoni yako,* ikasema simu.

Akaagiza kwa kubahatisha. Mleta vifurushi akaleta riwaya ya wachimba dhahabu. Akaleta historia ya kamba. Akaleta kitabu kiitwacho *Ndugu*, kumbe ni cha ndugu wa nyani na sokwe.

"Wewe unaniletea uchafu gani?" Fundi alimkaripia mlangoni, macho mekundu, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola.

"Dada, mimi naleta, situngi," akajibu yule mtanashati. "Ningekuwa natunga mimi, ungefurahi."

Fundi akajaribu kutunga mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda, akafungua kitabu, akasema, "Na... akamvuta juu, na wakapatana." Kitanda kikaruka, miguu yake yote minne ikagonga sakafu. "Unasoma au unatunga?" Bi Mkubwa akauliza kwa ile sauti ya ndoo. Maskini Fundi, hakujaliwa uongo. Kwake sentimita ni sentimita. Hata mteja mnene alimwambia unene wake bila kupepesa. Akidanganya, sauti inamtetemeka kama sindano iliyolegea.

Akamwita mganga. Alikuja mzee mwenye mkoba mkubwa na sifa kubwa zaidi, mtu aliyekwisha kutoa majini kumi na tisa, kwa hesabu yake mwenyewe. Akanyunyiza, akafukiza, akanong'ona, kisha akainama juu ya Bi Mkubwa.

"Sema unachotaka. Damu? Kitambaa chekundu? Manukato?"

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu," ikajibu ile sauti.

Mganga akainua kichwa. "Rudia?"

"Wa kwanza kunisomea alikohoa, akanyamaza, hakuamka tena. Wa pili alikimbia. Huyu atamaliza. Kila siku ninayosubiri nachukua mtu mmoja kichwani mwa bibi huyu. Amebaki mmoja. Kesho saa saba."

Mganga akafunga mkoba. "Mwanangu," alimwambia Fundi pale mlangoni, kwa sauti ya chini, "mimi natoa majini yanayotaka mbuzi. Hili linataka maktaba."

"Sasa mimi nifanye nini, mzee?"

"Soma," akasema, tayari yuko barabarani.

Siku ya mwisho, kama saa saba kasorobo, mleta vifurushi alifika na kifurushi cha mwisho. Fundi alikipasua kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Akasoma jalada. Akacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Kilikuwa *Uchimbaji wa Visima kwa Wanaoanza: Mabomba, Pampu na Vipimo*. Akakitupa ukutani, akaketi sakafuni katikati ya mabaki ya sare, akalia kama mtoto.

"Visima nimewaomba, visima wameniletea!" alisema. "Hawana kosa hata! Ndicho kinachoniua, hawana kosa! Na mama yangu baada ya robo saa hatanijua."

Mleta vifurushi alikuwa amesikia mengi kupitia mlango ule. Akauliza swali moja tu, lakini lilikuwa swali la mtu mwenye akili zake. "Hilo jini, dada, linajua kusoma?"

Fundi akanyanyua uso. "Lingejua, lingehangaika na mimi ya nini?"

Yule mtanashati akakiokota kitabu, akakipangusa vumbi. Huyu, nyinyi hamumjui, ni mtu ambaye sauti yake hutetemeka pale tu anaposema kweli.

Akaingia chumba cha nyuma, na alipovuka kizingiti ile harufu ya pasi na kitambaa kibichi ikamjaa puani hadi kooni, na akaona kwa macho yake godoro limebonyea si upande wa ukutani tena bali katikati, juu ya miguu ya Bi Mkubwa, limebonyea na linazidi kubonyea polepole kama mtu anayeinama kusogeza sikio lake, na nje jua liliwaka la kupasua mawe lakini humo ndani kivuli chake mwenyewe hakikuwa peke yake ukutani, kilikuwa na kingine kikubwa kimekaa mkao wa mtoto anayesubiri hadithi, na Fundi nyuma yake ameshika shati lake kwa nguvu hadi mshono wa begani ukaachia, na mshono huo, kwa taarifa yenu, haujashonwa hadi leo.

Akafungua kitabu kwenye mchoro wa pampu. Akalamba kidole. Pembeni yake, mtu mwingine naye akalamba kidole.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu," akaanza. "*Kaka yake akaishika kamba kwa mikono miwili, akachungulia gizani, na akavuta. Ilikuja nyepesi. Akajua mdogo wake hayupo kwenye kamba, akasema moyoni, amekufa, na mimi ndiye niliyemwombea afe. Mikono ikamlegea, lakini akavuta. Kilichotokea mdomoni mwa kisima kilikuwa ndoo, bomba lake lina kipenyo cha inchi mbili...*"

"Bomba?" ikauliza ile sauti.

"*...ndoo, ndoo tupu ya bati, lakini haikuwa tupu. Ilikuwa na maji. Ndiyo maji ya kwanza. Mdogo mtu alikuwa ameyapata, na badala ya kujifunga yeye kamba apande, aliyafunga maji kwanza, kwa kuwa alijua kaka yake ameshinda juani na kiu. Yule kaka hakunywa. Aliyamwaga yote kichwani pake, akarusha kamba upya, akaita jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka tisa.*"

Akafunga kitabu.

Kisha kitu kikashusha pumzi, ndefu, ya kuridhika, kama mtu aliyefunguliwa kiatu kinachombana. Godoro likainuka. Pazia la dirisha likapepea nje, ingawa upepo haukuwepo, na jini likaenda zake.

"Kitinda," akasema Bi Mkubwa. "Mbona unalia? Na huyu mwanamume anayenuka petroli chumbani kwangu ni nani? Amevua viatu?"

Fundi akaanguka kifuani kwa mama yake. Akaulizwa mama mdogo yuko wapi, mbona hapigi simu. Akaulizwa uji.

Jioni Fundi alikichukua kile kitabu kisicho na jalada ili akichome. Kwenye gamba la nyuma palikuwa na karatasi ya gundi ya muuza vitabu, yenye namba. Ilikuwa imeinuka ncha, akaibandua. Chini yake palikuwa na maandishi ya penseli ya mkono wa mtu mgonjwa: *Kurasa nimezichana mwenyewe. Likiujua mwisho litatoka humu, litamfuata aliyelimalizia.*

Hayo ndiyo yaliyotokea, na yote ni kweli tupu. Nimeongeza kitu kimoja tu, nacho nakiri hapa kwa kuwa sipendi kulala na uongo. Lile pazia. Pazia halikupepea. Mimi nilisimama palepale na sikuona kitu chochote kikitoka dirishani. Nilichokiona ni baadaye, nilipopanda pikipiki nyekundu kuondoka. Niliwasha, nikakaa, na tairi la nyuma likashuka, taratibu, kama ninapompakia mtu mzima mwenye nyama zake.

Fundi wa pikipiki ameikagua mara mbili. Anasema springi ni nzima, nipunguze tu mzigo. Nikamwambia sina mzigo. Akanitazama, akanusa, akaniuliza hapa karibu nani anapiga pasi.

Ndiyo maana siku hizi nasimulia sana, hasa ifikapo saa saba. Na ndiyo maana hadithi zangu, mtanisamehe, huwa siziachi bila mwisho.