Sampuli ya Pili

Kufuli la stoo lilikuwa zima, lakini ndani ya sanduku, badala ya sampuli tatu za zege, zilikuwamo mbili tu.

"Ya pili imeenda," Injinia Reema alisema. "Zilikatwa jana. Nilikuwa nizikague asubuhi hii."

Inspekta Nduku wa idara ya upelelezi, Nyeri, alichuchumaa. Sampuli zilikuwa za mviringo, nene kama mkono wa mkulima. Zilikatwa kwa mashine kutoka ukuta wa ngazi wa bweni jipya la wasichana, hapa Mweiga.

"Nani anaiba zege, Injinia?"

"Mwenye kuogopa itakachosema. Huo ukuta wa zege na vyuma ndio mgongo wa nyumba. Tetemeko likija, ndio unaizuia isilale. Juzi ardhi ilitikisika kidogo tu, na ufa ukatokea. Umenyooka kama umepigwa rula. Ni kama ukuta ulimwagwa mara mbili, lakini daftari la mjengo linasema siku moja, bila kusimama."

"Wasichana wanaingia lini?"

"Jumatatu. Mia mbili."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Tangu hapo Nduku hakuweza kusimama mahali pamoja.

Funguo za stoo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Watiri, mpishi wa mafundi, na mwingine Moffat, msimamizi wao.

Watiri alimpangusia kigoda kwa leso yake kabla hajaulizwa lolote.

"Mama, jana ulifungua stoo?"

"Saa kumi, nikaweka sufuria. Sasa afande, mimi nifanye nini na zege? Hata ukichemsha na maharagwe, haiivi!"

Nduku alicheka, lakini hakuketi.

"Siku ukuta wa ngazi ulimwagwa, unaikumbuka?"

"Nitasahau aje? Githeri ilibaki sufuria nzima! Saa sita mafundi wote walienda Giakanja kumzika mke wa Kahiga, fundi mwenzao. Moffat mwenyewe aliwaachilia. Tena alinisaidia kubeba hiyo githeri, tukapeleka matangani. Huyo ni mtu mzuri, afande."

"Naona," Nduku alisema polepole.

Alimkuta Moffat mbele ya ukuta, akinawa mikono kwenye ndoo. Matundu ya sampuli yalikuwa matatu. Mawili yalikuwa wazi. La katikati lilikuwa limezibwa. Nduku alilibonyeza, na kidole chake kikazama kwenye saruji mbichi.

"Umeziba hili peke yake?"

"Nilikuwa naanza, afande."

"Unaanzia katikati?"

Moffat aliendelea kunawa.

"Siku ya mazishi mlisimama saa sita. Mkaendelea lini?"

"Afande, wacha hiyo maneno."

"Lini, Moffat?"

"Kesho yake." Alisukuma ndoo kando. "Lori la zege lilifika mapema, sijakwangua wala kuosha ile iliyokwisha kuganda. Nikasema mwaga tu, na daftarini nikaandika siku moja. Haikushikana. Jana mashine ikikata nilikuwa hapo, nikaona ya pili imetoka vipande viwili. Nimeizika kwa mchanga, hapo nyuma."

"Uliogopa kufutwa?"

"Kazi nitapata ingine. Ni Kahiga, afande. Angeambiwa nyumba imeharibika sababu ya kumzika bibi yake. Tangu siku hiyo hajala chakula akamaliza."

"Na wasichana mia mbili?"

Moffat alitazama chini. "Tangu ardhi itikisike, silali."

Reema, aliyekuwa amemfuata Nduku hadi ukutani, alikuwa tayari kwenye simu na mwalimu mkuu. Bweni halitafunguliwa. Moffat alinyoosha mikono. Nduku alimfunga pingu taratibu, kwa mbele, ili asiumie mabega.

Walipozunguka nyuma kuchukua ushahidi, Kahiga alikuwa pale na toroli yake. Ukuta una matundu, naye alikuwa amesikia yote. Alishika koleo, akachimba, akatoa kipande cha kwanza, kisha cha pili, akavifuta kwa shati lake na kumkabidhi injinia.

Ndipo akamgeukia rafiki yake.

"Mazishi yaliisha saa tisa, Moffat. Ungeniambia tu. Ningekuja na hiyo suti ya mazishi, tukwangue pamoja."